Programu za Simu Kisumu: Historia ya Kazi ya Kujitegemea

Kazi ya kutengeneza programu za simu kwa kujitegemea ilishika mizizi Kisumu katika muongo wa 2010. Mtengenezaji wa aina hii haajiriwi na kampuni. Hubuni programu mwenyewe au pamoja na wenzake wawili watatu, huandika msimbo wake, huijaribu, huipakia kwenye duka la programu, kisha hubaki na jukumu la kuirekebisha kadiri simu na mahitaji ya watumiaji yanavyobadilika. Vifaa vyake ni vichache: kompyuta ya mkononi, simu moja au mbili za kujaribia, umeme na intaneti. Kwa kuwa vifaa hivyo hupatikana katika miji mingi, ni rahisi kudhani kwamba kazi yenyewe ni ile ile kila mahali. Lakini Kisumu kazi hii ilichukua umbo lake kutokana na mambo matatu ya hapo hapo: simu zilizokuwa mikononi mwa watu, njia yao ya kulipa, na uhaba wa mahali pa kujifunzia.

Kisumu ni mji wa biashara tangu reli ilipofika ufuoni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901, wakati huo ukiitwa Port Florence. Bidhaa zilishushwa kwenye mabehewa zikapakiwa melini kuelekea bandari za Uganda na Tanganyika. Katika biashara ya ziwa, mwenye habari ndiye mwenye faida. Mvuvi aliyetia nanga Dunga, Homa Bay au Usenge hakuwa na namna ya kujua bei ya samaki kama mbuta au ngege katika soko la mbali, na mara nyingi alikubali bei aliyotajiwa na mnunuzi wa kwanza, kwani samaki hangoji. Simu za mkononi, zilizoanza kuenea Kenya baada ya Safaricom na KenCell kuingia sokoni mwaka 2000, ndizo zilizoanza kuvunja ukiritimba huo wa habari.

Mwishoni mwa muongo wa 2000, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ambayo ina kituo Kisumu, ilianzisha huduma ya bei za samaki kwa ujumbe mfupi, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Bei zilikusanywa kwenye mialo na masokoni zikahifadhiwa kwenye kompyuta, na mvuvi aliyetuma ujumbe wa kuuliza alirudishiwa bei papo hapo. Haikuwa programu ya kupakuliwa, wala haikuwa kazi ya mtu binafsi. Hata hivyo ilionyesha kwamba simu ndogo ya vitufe, ile Wakenya wanayoiita mulika mwizi, inaweza kubeba huduma yenye manufaa ya kila siku.

Jambo la pili lilikuwa pesa. Safaricom ilizindua M-Pesa Machi 2007, na katika miaka michache kutuma fedha kwa simu kukawa desturi ya sokoni, gatini na kwenye vituo vya bodaboda. Kwa mtengenezaji programu maana yake ilikuwa kubwa: mteja asiye na kadi ya benki alikuwa tayari na pochi ndani ya simu. Lakini kwa miaka mingi pochi hiyo haikuwa na mlango wa kuingilia programu za watu wengine. Aliyetaka kupokea malipo alilazimika kusoma ujumbe wa uthibitisho mmoja mmoja, au kuandika programu ya kuusoma na kuchambua namba ya muamala, jina na kiasi. Njia hiyo iliharibika kila maneno ya ujumbe yalipobadilishwa.

Simu na pesa hizo zisingetosha bila intaneti yenyewe. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya Kenya na dunia yalipita angani kwa setilaiti, kwa gharama kubwa na mwendo wa kobe. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mkongo wa taifa ukapelekwa hadi miji ya bara, Kisumu ikiwemo. Kazi ya programu za simu haiwezi kufanyika bila mawasiliano hayo, kwa sababu zana zake zenyewe hupakuliwa kutoka mtandaoni, na ukubwa wake hupimwa kwa gigabaiti.

Maduka ya programu yalikuwa yamekwisha kufunguliwa ng'ambo. Apple ilifungua lake Julai 2008, na Android Market ya Google, iliyobadilishwa jina kuwa Google Play mwaka 2012, ikafuata Oktoba 2008. Nchini Kenya mlango ulifunguka mwaka 2011, Safaricom ilipoanza kuuza simu ya Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000. Ilikuwa simu ya Android iliyoweza kununuliwa na mwanafunzi aliyejibana au mwalimu, na kwa vijana wengi waliosoma kompyuta ndiyo iliyokuwa simu ya kwanza ambayo wangeweza kuiandikia programu na kuiona ikifanya kazi mkononi mwao.

Kuwa na simu ya Android hakukumaanisha kwamba wateja nao walikuwa nayo. Wakazi wengi wa ufuoni waliendelea kutumia simu za vitufe kwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kazi iliyolipa ilikuwa mara nyingi ile isiyohitaji duka lolote: huduma za ujumbe mfupi na menyu za USSD, zinazofunguliwa kwa namba fupi yenye nyota na alama ya reli. Kampuni ya Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, iliwarahisishia sana watengenezaji wadogo. Badala ya kila mmoja kujadiliana na kampuni za simu peke yake, aliandika msimbo unaozungumza na mtambo wa Africa's Talking, nao ukafikisha ujumbe kwenye mitandao yote. Chama cha akiba, shule au kikundi cha wakulima kingeweza kuhudumiwa na mtu mmoja aliyeketi na kompyuta yake katika mtaa wa Milimani au Kondele. Ujuzi huo wa kupanga menyu fupi, kuhesabu herufi na kumheshimu mtumiaji mwenye salio dogo ulibaki hata watengenezaji walipohamia Android.

Jambo la tatu lilikuwa mahali pa kujifunzia, napo palikuwa pachache. Chuo Kikuu cha Maseno, magharibi mwa mji, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga huko Bondo, kilichopewa hati mwaka 2013, vilifundisha sayansi ya kompyuta. Lakini mitaala ya vyuo hubadilika polepole kuliko zana za simu, na mwanafunzi aliyehitimu alijikuta akijisomea mwenyewe. Nairobi ilikuwa na iHub tangu Machi 2010, ukumbi ambapo watengenezaji walikutana, wakatumia intaneti pamoja na kupeana kazi. Kisumu ilihitaji ukumbi wake, ili kijana wa eneo hilo asilazimike kuhamia mji mkuu ndipo apate wenzake wa fani.

Hitaji hilo lilijibiwa na LakeHub, iliyoanzishwa Kisumu katika nusu ya kwanza ya muongo huo. Ilitoa meza, umeme na intaneti, mafunzo ya kuandika msimbo, na zaidi ya vyote, watu wa kuulizwa maswali. Katika kazi ya programu kosa dogo la nukta moja laweza kumla mtu siku tatu, na jirani aliyewahi kulikuta huliona kwa dakika tatu. Vikundi vya hiari vya watengenezaji, kikiwemo kile cha Google Developer Group cha Kisumu, vilikuza desturi hiyo hiyo ya kufundishana.

Matunda yaliyojulikana zaidi yalitoka kwa wanafunzi wa sekondari. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls High School, waliojiita The Restorers, walitengeneza programu iitwayo i-Cut ya kuwasaidia wasichana wanaokabiliwa na ukeketaji. Waliongozwa na Dorcas Owinoh wa LakeHub. Wenyewe walitoka katika jamii ya Waluo, ambayo haina mila hiyo, lakini walisoma na wenzao waliotoka katika jamii zilizo nayo. Programu ilikuwa na vitufe vichache: kuomba msaada, kutafuta uokoaji na hifadhi, kutoa taarifa kwa mamlaka, kupata maelezo kuhusu ukeketaji, na kuchangia. Kwa programu hiyo walifika fainali ya shindano la Technovation huko California, Marekani, mwezi Agosti mwaka huo, wakiwa Waafrika pekee waliofika hatua hiyo. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya liliwateua miongoni mwa waliofika fainali ya Tuzo ya Sakharov, inayotolewa kwa watetezi wa haki za binadamu. Umuhimu wa i-Cut katika historia ya Kisumu uko katika mpangilio wake: tatizo lilitoka darasani kwao, mafunzo yakatoka mjini kwao, na muundo wake ukafaa msichana mwenye hofu asiye na muda wa kusoma maelezo marefu.

Kuitoa programu hadharani kulikuwa na vikwazo vyake. Google hutoza dola 25 mara moja tu kufungua akaunti ya mtengenezaji, na Apple hutoza dola 99 kila mwaka, tena huhitaji kompyuta za Mac ambazo bei yake ni kubwa. Hiyo ni sababu mojawapo ya watengenezaji wengi wa Kisumu kushikamana na Android, sababu nyingine ikiwa kwamba wateja wao hawana iPhone. Dola 25 zenyewe hazikuwa tatizo kubwa kama njia ya kuzilipa, kwa kuwa zilihitaji kadi ya benki inayokubalika kimataifa. Asiye nayo alimwendea ndugu au rafiki aliye nayo, hadi Juni 2022 Safaricom na Visa walipotoa kadi ya mtandaoni inayolipa moja kwa moja kutoka M-Pesa.

Kila programu hutiwa pia sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wa mtengenezaji, ili simu itambue kwamba toleo jipya linatoka kwa mwenye lile la zamani. Kabla ya Google kuanza kuhifadhi funguo hizo mwaka 2017, aliyeibiwa kompyuta bila kuweka nakala ya ufunguo wake hakuweza tena kusasisha programu yake. Alilazimika kuitoa upya kwa utambulisho mwingine, na kuanza kutafuta watumiaji tangu mwanzo.

Baada ya kutoa, lilibaki suala la mapato. Kuuza programu kwenye duka hakukufaa soko ambalo wanunuzi wengi hawakuwa na kadi. Matangazo yalileta kidogo mno kwa kila mtazamo, na Google hutoa malipo hayo yanapofikia dola 100, kiwango ambacho programu yenye watumiaji mia kadhaa yaweza kukingoja kwa muda mrefu. Njia iliyowezekana zaidi ilikuwa kutoza huduma yenyewe kwa M-Pesa. Mwaka 2015 Safaricom ilihamisha mitambo ya M-Pesa kutoka Ujerumani kuja Kenya na kuanza kuwafungulia watengenezaji mlango. Mwaka 2017 ikatoa mfumo uitwao Daraja, ambao humwezesha mtengenezaji mdogo kuunganisha programu yake na malipo. Tangu hapo mteja angeweza kubonyeza kitufe, akaletewa ombi la malipo kwenye simu, akaweka namba yake ya siri, na programu ikapata uthibitisho bila mtu kusoma ujumbe.

Zana za kuandikia nazo zilibadilika. Waliotangulia walitumia Eclipse, kisha Android Studio, iliyotolewa rasmi Desemba 2014. Lugha ya Kotlin ilikubaliwa na Google mwaka 2017, na Flutter, inayowezesha msimbo mmoja kutumika kwenye Android na iPhone, ikakamilika Desemba 2018. Lakini masharti ya ufuoni hayakubadilika kwa kasi hiyo. Programu nzuri ya Kisumu ilibidi iwe nyepesi ili isijaze simu yenye nafasi ndogo, ihifadhi taarifa mtandao unapopotea ziwani, na isitafune bando la mtumiaji. Kampuni ya Aquarech, iliyoanzia Kisumu na kuwaunganisha wafugaji wa samaki na wauzaji wa chakula cha samaki na wanunuzi kwa njia ya simu, ni mfano wa ujuzi huo uliokua ukawa biashara.

Sheria ilifuata. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilimpa hata mtengenezaji wa peke yake wajibu wa kueleza anakusanya taarifa gani na kwa nini. Mswada uliotaka wataalamu wote wa teknolojia wasajiliwe na kupewa leseni uliwatia hofu waliojifunza wenyewe bila shahada. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuutia saini mwaka 2022, na njia ya kuingia katika kazi hii ikabaki wazi kwa aliyejifunzia ukumbini.

Katika muongo wa 2020 kazi hii ilipanuka kwa pande mbili. Upande wa lugha, Chuo Kikuu cha Maseno kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene University kukusanya hazina ya maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya iitwayo Kencorpus, malighafi ya programu zitakazomwelewa mtumiaji kwa lugha ya nyumbani kwake. Upande wa mafunzo, LakeHub ilisaidia kuanzisha Zone01 Kisumu, shule ya kuandika msimbo ambamo wanafunzi hujifunza kwa kukaguliana kazi badala ya kusubiri mhadhara.

Desturi hiyo ya kukaguliana imepata uzito mpya. Tangu Novemba 2023 Google imezitaka akaunti mpya za watu binafsi zitafute wajaribu 20 watakaotumia programu kwa siku 14 mfululizo kabla haijatolewa kwa umma, idadi iliyopunguzwa hadi 12 Desemba 2024. Kwa anayefanya kazi peke yake chumbani, sharti hilo ni kizuizi cha kweli. Aliyekulia katika ukumbi wenye wenzake anayo meza ya watu 12 wa kuwaomba, na kesho yake wao watamwomba yeye.