Ile Faili Haikuuliza Nenosiri

Binamu yangu hupiga picha za harusi. Mwaka jana akaniambia kuna wasee wanaiba picha zake na kuziposti kama zao. Nikamwekea elFinder, programu ya kupanga mafaili ndani ya brauza, iliyochongwa ifanane na Finder ya Mac. Nusu yake inakaa kwa brauza, nusu kwa seva, na utamu wote uko huko kwa seva. Kuna plagini inaitwa Watermark. Unaifunga kwa hatua ya upload.presave, yaani picha imefika lakini haijahifadhiwa bado. Hapo ndipo inabandika jina la mwenyewe. AutoResize nayo inapunguza ukubwa. Mtu anayepakia haoni kitu.

Sasa historia yenyewe. Kurushiana mafaili ni mambo ya kitambo. Abhay Bhushan aliandika FTP 1971 akiwa mwanafunzi wa MIT. WordPress ikaja 2003, mwaka uliofuata ikaruhusu plagini, na kila msee akawa fundi. Baadaye kukawa na plagini ya WordPress inaitwa File Manager, na tumboni mwake kulikuwa na elFinder. Ni kama koti la Gikomba: unalibeba na chochote kilichobaki mfukoni.

Kilichobaki mfukoni ni faili ya mfano, connector.minimal.php-dist. Huo mkia wa dist uko hapo makusudi, ndio seva isiiendeshe. Waliotengeneza File Manager wakaibadilisha jina iishie na php, ikatoka hivyo. Na hiyo faili haiulizi nenosiri, ati! Plagini ilikuwa kwa websaiti zaidi ya 700,000. Wavamizi wakawa wanapakia PHP zao bila kubisha hodi. Ville Korhonen wa Seravo, kampuni ya Finland, ndiye aligundua, na toleo 6.9 likaziba shimo tarehe 1 Septemba 2020.

Haya niliyasoma saa nane usiku. Nikafungua seva ya binamu, mikono inatetemeka. Faili ilikuwa pale, jina nimelibadilisha mimi mwenyewe, login hakuna. Miezi saba harusi za watu zimekaa wazi. Nikaifuta.

Asubuhi nikampigia. Akanyamaza, halafu akauliza, "Sasa wateja niwaambie nini, buda?"

Tuliandika meseji pamoja. Wawili bado hawajajibu.