Pwani ya Kalemie: mahali patatu pa kutembelea, na somo moja la maji



Mgeni akifika mjini kwetu huuliza kuna nini cha kuona. Tunamwonyesha mchanga wa ufuoni, nyumba za zamani, na jua likichomoza upande wa Tanzania. Ni vizuri. Lakini pwani yetu ina mahali patatu penye historia, na historia hiyo inawahusu zaidi wale ambao maji yaliwatoa nyumbani mwaka 2024.

Pa kwanza ni mdomo wa Lukuga, hapa hapa mjini. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 670, na kwa kina ni la pili duniani. Mito inayoingia ni mingi, kama Ruzizi na Malagarasi. Unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, unaokwenda kujiunga na Lualaba. Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 alikuta njia ya mto imezibwa na majani na tope. Stanley naye alikuja mwaka 1876 akakuta bado imezibwa, na ziwa linapanda. Mwaka 1878 kizuizi kikabomoka na maji yakakimbia. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka karibu mita 10.

Ng'ambo, huko Ujiji, wanaonyesha mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Zamani ufuo ulikuwa karibu na hapo. Leo jiwe la ukumbusho liko mbali na maji. Kwetu pia ilikuwa hivyo: ardhi ya chini iliyo mbele ya ziwa ilikuwa chini ya maji wakati wa babu za babu zetu. Ziwa liliiacha, halikuitoa zawadi.

Pa pili ni Mtowa, kaskazini ya mji. Hapo ndipo misafara iliyotoka Ujiji ilishuka kwa mitumbwi kabla ya kwenda Manyema kutafuta pembe na watumwa. Wamisionari Waingereza walifungua kituo hapo mwaka 1879. Mwisho wa mwaka 1891 Mbeleji Jacques alijenga boma karibu na hapo akaliita Albertville, na mwaka uliofuata akapigana na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji.

Kwa nini basi mji haukubaki kule? Ni reli. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani karibu na Lukuga, na bandari ikajengwa. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vinaendelea. Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kupambana na meli za Wajerumani, na mwaka 1916 ndege za Wabeleji zinazotua juu ya maji ziliruka kutoka upande wetu kwenda kupiga Kigoma. Baada ya vita zikafuata kazi: bandari, makaa ya mawe, baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Kazi ilikuwa chini, karibu na maji, na watu wakajenga kulifuata.

Pa tatu ni Mpala, kusini, kwenye njia ya Moba. Mbeleji Storms alijenga boma pale mwaka 1883. Mwaka 1884 askari wake walimwua mtemi Lusinga, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Tusifiche hilo tunapowaonyesha wageni kuta za zamani. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea boma, na watu waliokimbia wawindaji wa watumwa wakatafuta usalama kando yake. Kwa hiyo kukimbilia pwani hakukuanza na vita vya siku hizi.

Sasa unganisheni hayo matatu. Anayekimbia huja ziwani kwa sababu kuna samaki, bandari na watu. Akifika, kiwanja anachoweza kupata ni kile cha chini ambacho wenyeji wenye uwezo hawakitaki. Kisha mvua kubwa huja kwa miaka mfululizo, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na tena tangu 2020. Maji yanaingia kwa wingi, na mlango wa kutokea ni ule ule mmoja. Yanarudi mahali yalipokuwa. Si uchawi, si laana ya jirani, wala si kosa la aliyepewa kiwanja hicho.

Basi kabla ya kujenga upya, muulizeni mzee wa mtaa: maji yalifika wapi miaka ya sitini? Yalifika wapi 2024? Wekeni alama kwenye mti au ukuta ili watoto waione. Na viongozi wetu, wanapozungumza juu ya watalii, waanze kwa kusimika nguzo za alama za maji pale Lukuga na kuutunza mlango wa mto usizibe. Mgeni atakuja kuziangalia. Mama anayetafuta mahali pa kujenga nyumba atazihitaji kuliko mgeni.