Hapana, Yesu Hakupigiwa Kura Nikea

Kila Pasaka ikikaribia kuna video moja lazima initokee kwa simu. Jamaa wa sauti nzito, muziki wa kutisha nyuma, anakuambia ati mwaka wa 325 mfalme wa Roma, Constantine, aliita maaskofu mahali panaitwa Nikea, wakapiga kura, na Yesu akatoka hapo akiwa Mungu. Kabla ya hapo, ati alikuwa tu mwalimu mzuri. Halafu inamaliza na ile ya kawaida: Ukristo ni dini ya wazungu, amkeni.

Sawa, tuamke basi. Lakini tuamke na historia yenyewe.

Karibu mwaka wa 112, gavana mmoja Mroma anayeitwa Pliny alimwandikia mfalme Trajan barua kuhusu Wakristo aliowakamata kule Bithinia, Uturuki ya leo. Huyu si mchungaji anajitetea. Ni mtu wa serikali, na wengine wa hao Wakristo aliagiza wauawe. Anaeleza kwamba hawa watu hukutana kabla jua halijatoka na kumwimbia Kristo kama mungu. Hesabu mwenyewe: hiyo ni zaidi ya miaka 200 kabla ya Nikea. Na barua za Paulo ni za zamani kuliko hiyo. Kwa hivyo kama kuna mtu alimfanya Yesu Mungu, hakuwa Constantine, kwa sababu hata babu yake Constantine alikuwa hajazaliwa.

Sasa kwani walikuwa wanabishania nini? Hapa ndipo stori inakuwa tamu, na inaanzia Afrika.

Karibu mwaka wa 318, Alexandria, Misri, kulikuwa na padre anaitwa Arius. Mtu wa akili, mtu wa nidhamu, na watu walimpenda. Hoja yake haikuwa ya kijinga hata kidogo. Mungu ni mmoja na hana chanzo. Mwana ana chanzo, kwa sababu ametoka kwa Baba. Kwa hivyo Mwana aliumbwa. Ako juu ya malaika wote, ndiye wa kwanza kabisa, kupitia kwake dunia iliumbwa, lakini bado ni kiumbe. Jirani yako Mwislamu hapo Eastleigh akikuuliza Mungu mmoja anawezaje kuwa na Mwana aliye Mungu pia, anakugusa karibu palepale Arius alipokuwa anawasha moto. Ni swali halali, na Mkristo anayecheka badala ya kujibu hajawahi kulifikiria.

Askofu wake, Alexander, alikataa. Karibu naye alikuwa shemasi kijana sana, Athanasius, Mmisri, na huyu ndiye alikuja kubeba vita vyenyewe kwa karibu miaka hamsini.

Kiswahili kinatusaidia kuelewa. Kuna kuzaliwa na kuna kuumbwa. Fundi wa Gikomba akitengeneza kiti, kiti si fundi, hata kikiwa kizuri namna gani. Mama akizaa mtoto, mtoto ni mtu vile mama ni mtu. Arius alisema Mwana ni kama kile kiti, tena kiti bora kuliko vyote. Athanasius akasema hapana, huyu alizaliwa, yeye ni vile Baba alivyo.

Unaweza kusema hiyo ni kucheza na maneno. Mimi naona hapana. Kilichomsumbua Athanasius kilikuwa wokovu. Kama watu wote tumeanguka ndani ya kisima, mwenzetu aliye humo humo hawezi kututoa, hata kama amesimama juu ya mabega yetu sote. Lazima anayetutoa awe na mguu mmoja nje. Kiumbe hakiwezi kukuunganisha na Mungu, kwa sababu chenyewe kinahitaji kuunganishwa. Ukimwondoa Kristo kwa Mungu, hata kidogo tu, unabaki na mfano mzuri wa kuiga, na wengi wetu tunajua venye kuiga mifano mizuri hutuchosha kufika Jumatano.

Na watu wa kawaida walikuwa ndani ya huo mjadala! Arius aliweka mafundisho yake kwa mashairi, na inasemekana alitunga nyimbo za mabaharia na wasagaji nafaka. Yaani leo angekuwa na ngoma inavuma kwa matatu. Baadaye, kule Constantinople, Gregory wa Nyssa alilalamika kwamba ukiuliza bei ya mkate, mwokaji anakujibu kwamba Baba ni mkuu kuliko Mwana. Ulienda tu kununua mkate, bana.

Nikea yenyewe ilikuwa na maaskofu kama 300, wengi sana wao wa mashariki: Uturuki ya leo, Siria, Palestina, Misri. Kutoka Ulaya magharibi walikuja wachache wa kuhesabu, na askofu wa Roma hakufika. Alituma mapadre wawili. Hiyo "dini ya wazungu" ilikuwa na wazungu wachache sana siku hiyo. Walichoweka sahihi ni neno moja la Kigiriki, homoousios, yaani Mwana ni wa asili moja na Baba. Maaskofu waliokataa mpaka mwisho walikuwa wawili, Secundus na Theonas, wote wa Libya, wakafukuzwa pamoja na Arius. Afrika ilikuwa pande zote mbili za hiyo meza.

Na Constantine? Aliwapa maaskofu usafiri wa serikali, akakaa mbele, akapenda sana picha ya umoja. Ukweli ni kwamba alitaka amani, na amani ya mfalme hugeuka na upepo. Miaka michache baadaye alimwita Arius arudi. Mwaka wa 335 akamfukuza Athanasius mpaka Trier, Ujerumani ya leo. Na alipokuwa kitandani akifa mwaka wa 337, aliyembatiza alikuwa Eusebius wa Nicomedia, rafiki na mtetezi wa Arius. Huyo ndiye mtu video inasema alimtengeneza Yesu Mungu!

Athanasius naye hakuwa malaika. Alikuwa mkali, na maadui wake walimshtaki kwa mabavu. Ila mashtaka mengine yalikuwa vituko. Walisema ameua askofu anaitwa Arsenius na kumkata mkono, na mkono wenyewe wakauleta. Kwenye kesi kule Tiro, Athanasius akamleta Arsenius mwenyewe, mzima, na mikono yote miwili.

Alifukuzwa mara tano na wafalme wanne, jumla ya miaka kama 17, mingine akiwa amefichwa na watawa jangwani. Ukiona mwanasiasa amepewa maikrofoni kanisani Jumapili na askofu anapiga makofi, mkumbuke huyu mzee.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi iko karibu na nyumbani. Athanasius ndiye aliyemweka wakfu Frumentius kuwa askofu wa Aksum, Ethiopia, enzi za mfalme Ezana. Karibu mwaka wa 356, mfalme Constantius, mtoto wa Constantine, aliyeegemea upande wa kina Arius, aliandika barua mpaka Aksum akitaka Frumentius arudishwe Alexandria akachunguzwe imani na askofu mpya, yule aliyewekwa kwa kiti cha Athanasius. Tunaijua barua hiyo kwa sababu Athanasius mwenyewe aliinakili kwenye utetezi wake. Ethiopia mpaka leo inamwita Frumentius Abba Salama, baba wa amani, na kanisa lake liliendelea kuwa chini ya Alexandria, kiti cha Athanasius, mpaka mwaka wa 1959.