Nyumba ya Mungu Juu ya Mgodi: Historia ya Kanisa la Kiruna na Mafundisho Yake

Utangulizi

Kila aliyesoma historia ya Matengenezo anajua kwamba Martin Luther alikuwa mtoto wa mgodini. Baba yake, Hans, alijipatia riziki kwa kuchimba na kuyeyusha shaba huko Mansfeld, na Mtakatifu Ana, ambaye kijana Martin alimlilia katika dhoruba ya mwaka 1505, alikuwa ndiye msimamizi wa wachimbaji. Hata hivyo, tunapofundisha habari za wito na kazi, mara nyingi tunamtaja mkulima na fundi viatu, wala hatumtaji mchimbaji. Katika makala haya tunakusudia kuutazama mji mmoja wa Kilutheri uliozaliwa na mgodi, nao ni Kiruna, kaskazini kabisa mwa Uswidi. Swali letu ni hili: je, Kanisa linaweza kupokea ukarimu wa mwenye mgodi, na bado likabaki na kinywa cha kusema naye?

Mji wa kampuni

Kiruna uko karibu kilometa 145 kaskazini mwa mstari wa Aktiki. Jina lake limetokana na neno la Kisami, giron, yaani ndege wa theluji wa jamii ya kwale. Kwa karne nyingi nchi hiyo ilikuwa malisho ya Wasami, watu wanaofuga kulungu wa nchi za baridi na kuhama nao kwa majira. Watu walijua zamani kwamba milima ya Kiirunavaara na Luossavaara ina chuma, lakini hapakuwa na njia ya kukitoa. Kampuni ya LKAB iliundwa mwaka 1890, mji ukaanzishwa mwaka 1900, na reli ya kwenda bandari ya Narvik nchini Norwei ikakamilika mwaka 1902.

Msimamizi wa kwanza wa mgodi, mwanajiolojia Hjalmar Lundbohm, aliona jinsi kambi nyingine ya wachimbaji, Malmberget, ilivyoota vibanda ovyo. Hakutaka Kiruna uwe hivyo. Aliwaita wasanifu, mitaa ikapindishwa kufuata mteremko ili kuuvunja upepo, na kampuni ikajenga nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Mwaka 1907 mji huo mdogo ulikuwa hata na magari ya umeme ya kupita relini. Mfanyakazi aliamka katika nyumba ya kampuni, akafanya kazi ya kampuni, na mtoto wake akiugua alitibiwa na kampuni. Tusiudharau wema huo, maana katika nchi ambayo mwezi wa Desemba jua halichomozi kwa majuma kadhaa, nyumba yenye joto ni uhai. Lakini anayekupa kila kitu ni vigumu kumwambia hapana.

Zawadi iliyojengwa kwa mbao

Katika mfululizo wa zawadi hizo likaja pia kanisa. LKAB ilimlipa msanifu Gustaf Wickman, na jengo likakabidhiwa kwa usharika wa Jukkasjärvi. Askofu Olof Bergqvist wa Luleå aliliweka wakfu tarehe 8 Desemba 1912. Ni kanisa kubwa la mbao, lililopakwa rangi nyekundu, na umbo lake limefuata kibanda cha Wasami. Picha ya madhabahuni, iliyochorwa na Mwana wa Mfalme Eugen, haina msalaba wala sura ya Kristo. Inaonyesha miti iliyoangazwa na jua. Kwa watu wanaokaa gizani majira ya baridi, mwanga huo una mahubiri yake. Lakini mwanatheolojia ataona pia kwamba mwenye kulipa gharama alikuwa na sauti kubwa juu ya kile ambacho usharika ungekitazama kila Jumapili.

Hapa historia inatuonyesha jambo chungu. Lundbohm aliwapenda Wasami kwa namna yake. Alisaidia kuchapishwa kwa kitabu cha Johan Turi mwaka 1910, kitabu cha kwanza cha Kisami kisicho cha dini. Na kanisa lake likavaa umbo la kibanda chao. Lakini mwaka uliofuata baada ya kuwekwa wakfu, yaani 1913, ikatoka sheria ya shule za wahamaji, ambayo Askofu Bergqvist alikuwa miongoni mwa walioitengeneza fikra yake. Watoto wa Wasami wafugaji walitengwa katika shule zao, wakapewa elimu pungufu, kwa hoja kwamba Msami hana budi kubaki Msami. Basi kibanda kilitukuzwa kanisani, na mwenye kibanda akanyimwa haki shuleni. Kanisa la Uswidi liliomba msamaha kwa Wasami katika Kanisa Kuu la Uppsala tarehe 24 Novemba 2021, miaka 109 baada ya ibada ile ya Kiruna.

Mgomo wa mwaka 1969

Serikali iliingia katika umiliki wa LKAB mwaka 1907, na mwaka 1957 ikawa na sehemu kubwa kabisa. Wakati huohuo Kanisa la Uswidi lilikuwa kanisa la dola, na lilibaki hivyo mpaka mwaka 2000. Tufikirie maana yake. Tarehe 9 Desemba 1969 wachimbaji wa Svappavaara waliacha kazi, na mara Kiruna na Malmberget wakajiunga nao, watu wapatao 5,000, bila idhini ya uongozi wa chama chao. Walilalamikia ujira na jinsi walivyosimamiwa kama mashine. Mgomo ulidumu siku 57. Mchungaji wa Kiruna aliyepanda mimbarani majuma hayo alisimama katika nyumba iliyotolewa na mwajiri, na dola iliyomiliki mgodi ndiyo iliyolimiliki Kanisa. Aliyesikia Yakobo 5:4 ikisomwa humo hakuhitaji kuelezwa ujira unaotajwa ni wa nani.

Kanisa laondoka

Mwamba wa chuma wa Kiirunavaara umeinama, nao unashuka kuelekea chini ya mji. Kila chuma kinapotolewa, mwamba wa juu hubomoka, na nyufa hukaribia makao ya watu. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba mji hauna budi kuhama. Jumba jipya la halmashauri lilifunguliwa mwaka 2018, na kitovu kipya cha mji mwaka 2022.

Tarehe 19 na 20 Agosti 2025, baada ya sala na baraka, kanisa lenyewe lilisafirishwa zima juu ya matela, uzito wa tani 672, mwendo wa kilometa tano kwa siku mbili. Picha ya madhabahuni na kinanda vilibaki ndani, vimefungwa. Barabara ilikuwa imepanuliwa kutoka meta 9 hadi 24. Maelfu ya watu walisimama kando ya njia, mfalme akiwamo, na kampuni ikabeba gharama. Siku chache baadaye, mwezi uleule, ilitangazwa kwamba watu wengine wapatao 6,000 watalazimika kuhama.

Wageni waliozoea kwenda huko kwa ajili ya jua la usiku wa manane, au hoteli ya barafu ya Jukkasjärvi, sasa huenda pia kuliona kanisa lililotembea. Lakini njia za kulungu hazipandi juu ya matela. Mwezi Januari 2023 kampuni ilitangaza hazina kubwa ya madini adimu karibu na mji, na jumuiya ya Wasami ya Gabna imesema kwamba mgodi mpya utazikata njia za mifugo yake. Hao hawana jengo la kuhamisha. Wana ardhi tu, kama Nabothi alivyokuwa na shamba tu (1 Wafalme 21).

Hitimisho

Ayubu 28 inamsifu mchimbaji anayepasua mwamba gizani, kisha inauliza hekima inapatikana wapi, maana haikuonekana katika machimbo. Hatusemi kwamba usharika wa Kiruna ulikosa kupokea kanisa. Vizazi vimebatizwa na kuzikwa kutoka humo. Tunasema kwamba zawadi ile ilikuja pamoja na ukimya, na gharama ya ukimya ililipwa na wasiokaa mezani na mtoaji.

Sharika zetu za Kanda ya Ziwa, kuanzia Mwadui hadi Geita, nazo zinaishi kando ya migodi. Mwenye mgodi akileta mabati na saruji, wazee wa kanisa watashukuru, na ni vyema washukuru. Lakini kabla ya kuweka jiwe la msingi, baraza la usharika na liulize mambo mawili na kuyaandika katika kumbukumbu zake: ni nani aliyehamishwa ili mali hii ipatikane, na je, mtu huyo ana nafasi ya kusema katika baraza hili?