Ekzosi ya pikipiki

Ekzosi ya pikipiki (pia: bomba la moshi) ni sehemu ya pikipiki inayotoa gesi zilizoungua kwenye silinda ya injini na kuzipeleka nyuma, mbali na dereva na abiria. Pia hupunguza kelele za injini.

Muundo

Ekzosi huanza na bomba jembamba lililofungwa kwa nati kwenye kichwa cha silinda, na huishia na silensa iliyo nene zaidi. Ndani ya silensa kuna kuta na vibomba vyenye matundu vinavyopunguza nguvu ya mawimbi ya sauti. Kati ya bomba na silinda huwekwa gasketi ya mviringo inayozuia gesi kuvuja. Ekzosi nyingi zina bati la kukinga joto, kwa sababu chuma chake huweza kuunguza mguu.

Kubadilisha ekzosi

Baadhi ya madereva huondoa ekzosi ya kiwandani na kufunga iliyo wazi zaidi, au hutoboa silensa, ili pikipiki ivume. Mlio mkubwa peke yake hauongezi nguvu. Kwenye injini ya kabureta, gesi zikipita kwa wepesi zaidi mchanganyiko unaweza kuwa na hewa nyingi kuliko petroli, na injini ikapata joto kupita kiasi. Nchini Tanzania kelele husimamiwa na kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Kurudisha ekzosi ya kiwandani

Kazi hii huweza kufanyika nyumbani kwa spana za kawaida, hata katika sehemu kama Kitangari, wilayani Newala, ambako bodaboda hubeba abiria na mizigo kati ya vijiji vya nyanda za juu za Makonde. Hatua zake ni hizi:

1. Injini huachwa ipoe kabisa. Pikipiki za mwendo kasi huvuliwa kwanza mabodi ya plastiki yanayoziba bomba.
2. Nati zenye kutu hupakwa mafuta ya kulainisha na kuachwa kwa muda, kwani stadi ikikatikia kwenye silinda ni vigumu kuitoa.
3. Gasketi ya zamani hutolewa yote na kuwekwa mpya. Mara nyingi hubaki imenata ndani ya tundu na kusahaulika.
4. Nati zote, za mbele na za nyuma, hushikizwa kwanza bila kukazwa.
5. Nati za kichwani hukazwa kidogo kidogo kwa kupokezana, kisha boliti ya silensa kwenye fremu. Silensa ikikazwa kwanza, bomba huvutwa upande na gasketi haikai sawa.
6. Bati la kukinga joto hurudishwa mahali pake.
7. Kama jeti ya kabureta ilibadilishwa, ya awali hurudishwa pia.

Kukagua

Injini huwashwa nje, kwa sababu moshi una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua ndani ya chumba kilichofungwa. Mlio wa kupuliza kichwani mwa silinda, masizi kwenye maungio, au milio ya kupasuka dereva anapoachia mafuta ni dalili za kuvuja. Baada ya safari ya kwanza nati hukazwa tena injini ikishapoa, kwani joto na mtikisiko wa barabara huzilegeza.

Tazama pia

Bodaboda
Kabureta
Pikipiki