Etaji za Butembo na mbao za Bapere: nani alijenga nani?

Ukitoka Butembo kuja Manguredjipa utapishana na malori yamebeba mbao, yanapanda polepole, matope hadi kwenye milango. Yakirudi huku yanaleta chumvi, sabuni, bia na nguo. Nimepita barabara hiyo mara nyingi kwa kazi ya redio. Kila mara ninajiuliza: kati ya miji hii miwili, nani alijenga mwenzake?

Mzazi wao ni mmoja, dhahabu. Kampuni ya Wabelgiji iliyoitwa Minière des Grands Lacs, ambayo wazee wetu wanaita MGL, iliundwa mwaka 1923. Ilichimba dhahabu hapa Manguredjipa, na Butembo ikaanza kama kambi yake kwenye vilima vyenye baridi. Kambi za kampuni za wakati ule zilifanana: nyumba za wafanyakazi kwa mistari, nyumba za wakubwa pembeni, na miti ya kivuli kando ya njia. Mfanyakazi hakuwa na kiwanja. Kazi ikiisha, nyumba inarudishwa.

Baada ya uhuru wa 1960, mambo yalibadilika. Mwaka 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yachukuliwe na Wazaire. Mwaka huohuo sheria ya ardhi ikasema ardhi yote ni ya Serikali. Mwaka 1976 MGL iliunganishwa na kampuni nyingine, ikazaliwa SOMINKI. Na mwaka 1982 raia waliruhusiwa kuchimba na kuuza dhahabu wenyewe. Vijana wakaingia mashimoni kwa maelfu. Pesa ikapita mikononi mwetu, lakini haikulala hapa. Ilipanda Butembo.

Kule ikakutana na pesa ya kahawa na ya utomvu wa papai. Wafanyabiashara wa Kinande wakaenda hadi Dubai na China kutafuta mali. Nyumba za miti na udongo zikageuka za mbao, za mbao zikageuka za matofali ya kuchoma, kisha zikaja etaji zenye vioo. Mwaka 2003 Butembo ikapewa cheo cha mji, na tarafa zake nne: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba.

Miti nayo ina historia yake. Mkaratusi, ambao asili yake ni Australia, ndio umetawala vilima vya Butembo. Unakua haraka, na ukiukata unachipuka tena kwenye kisiki. Kuni zake zinachoma matofali, na nguzo zake zinashikilia etaji wakati fundi anamwaga beto. Lakini unakunywa maji mengi, na chini yake maharagi hayastawi. Mti wa kivuli kando ya barabara hauna mtetezi: mwenye kiwanja anataka duka lake lionekane, basi anaukata.

Lakini mkaratusi hautoi mlango mzuri wala dari nzuri. Kwa kazi hiyo inatafutwa libuyu, mti mkubwa wa msitu wetu. Misumeno ya mafuta inauchana hukuhuku Bapere. Mbao zinapanda Butembo, nyingine zinapita Kasindi kwenda Uganda na Kenya. Mti ambao babu zetu waliukuta umesimama unaanguka kwa nusu siku. Na hapa Manguredjipa, makao makuu ya sekta ya Bapere, nyumba nyingi bado ni za udongo. Mwembe wa babu yangu ulikatwa nikiwa shule ya sekondari ili kupata makaa. Mvua ya upepo iliyofuata ikang'oa mabati ya jikoni. Mama alisema neno moja tu: «Tuliuza ukuta wetu.»

Tangu mwaka 2024 mashambulizi ya ADF yamefika katika Bapere. Jamaa nyingi zimekimbilia Njiapanda na Butembo. Nilimkuta huko mzee mmoja wa kwetu, amepanga chumba kimoja na watoto sita. Aligusa mlango, akaunusa, akacheka kidogo. «Hii ni libuyu, mwanangu. Mimi nilibeba mbao kama hizi begani, na leo ninalipa kodi ili nilale nyuma yake.»

Jibu la swali langu alilitoa yeye. Sisemi Butembo iache kujenga. Ni ndugu zetu, na leo ndio wanatuhifadhi. Lakini vita vikiisha, wakuu wa sekta waandike pamoja na wazee nyumba za zamani zilizobaki na miti mikubwa iliyosimama, kabla ya wanaoikumbuka kwisha. Na kila lori la mbao liache kitu hapa: darasa la matofali, na miche ya libuyu. Mti huo hautakuwa mbao wakati wa uhai wetu. Anayeupanda anampandia mjukuu wake, kama vile msitu tunaouza leo tulivyoukuta tukiachiwa.