Mkono wa Mitaa: Taarikhi ya Vyuo vya Jiji la Chicago na Dai la Mpango Uliotoka Juu

Mintarafu ya asili ya vyuo vya jamii vya Marekani, yaani vile vyuo vya umma vya miaka miwili vinavyompokea takriban kila amalizaye sekondari kwa ada nafuu, wanazuoni hawana ugomvi mkubwa. Wote husimulia habari za William Rainey Harper, rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyeyagawa masomo ya shahada mafungu mawili, la chini na la juu, na habari za J. Stanley Brown, mkuu wa shule ya sekondari ya Joliet, ambaye mwaka 1901 alianzisha shuleni kwake masomo ya ziada yanayohesabiwa kuwa chimbuko la chuo cha kwanza cha umma cha namna hiyo. Ugomvi huanza pale anapouliza mtu ni nani aliyevipa vyuo hivyo sura viliyo nayo.

Burton Clark, baada ya kukichunguza chuo kimoja cha San Jose huko California, aliandika mwaka 1960 kwamba kazi iliyofichika ya vyuo hivi ni kuwapoza vijana tamaa ya shahada, pole pole na bila kelele, hata wakayaridhia mafunzo mafupi kana kwamba ndiyo waliyoyataka tangu mwanzo. Mwaka 1989 Steven Brint na Jerome Karabel wakaipanua hoja hiyo, wakidai kwamba ni wakuu wa vyuo wenyewe waliovigeuza kuelekea mafunzo ya kazi kabla ya wanafunzi wala waajiri kuyadai. Kitabu chao kina elimu nyingi na hakistahili kubezwa. Walakini ithibati yao iliyo nzito imetoka Massachusetts, jimbo lililounda halmashauri ya vyuo vya jamii mwaka 1958, na vyuo vyake vingi vikajengwa na halmashauri hiyo; na mwenye kuutafuta mkono wa halmashauri mahali ambapo halmashauri imekitangulia chuo, hakika hatakosa kuuona. Swali zito ni kama dai hilo linasimama mahali ambapo chuo kilikuwa na umri wa nusu karne kabla ya kupata halmashauri yake mahususi, na mahali hapo ni Chicago.

Crane Junior College kilifunguliwa mwaka 1911 ndani ya shule ya ufundi ya Crane, upande wa magharibi wa jiji, chini ya Halmashauri ya Elimu iliyosimamia pia shule zote za watoto. Ulipofika mdororo mkuu wa uchumi, kodi za majengo hazikukusanyika, jiji likashindwa kuwalipa walimu wake kwa miezi, na mara nyingine likawapa hati za ahadi ambazo wenye maduka na mabenki walizipokea kwa kuzikata thamani. Mwezi wa Aprili mwaka 1933 walimu hao wakaandamana mpaka milangoni mwa mabenki makubwa ya mjini. Tarehe 12 Julai ya mwaka huo Halmashauri, chini ya James McCahey, ilipitisha mkato ambao jiji lilikuwa halijapata kuuona mfano wake: shule za kati zikafutwa, walimu zaidi ya elfu wakaachishwa kazi, na Crane, chuo pekee cha umma cha miaka miwili ambacho mtoto wa mfanyakazi angeweza kukiendea kwa tramu na kurudi kulala kwao, kikafungwa. Hazikupita siku nyingi maelfu ya watu walijaa katika ukumbi wa Chicago Stadium kuulaani mkato huo, nao hawakuwa walimu tu, bali wazazi na wakazi wa mitaa mbalimbali.

Naomba msomaji akitazame kwa makini kilichofuata. Chuo kilirudishwa mwaka 1934, lakini hakikurudi kimoja. Wright kilifunguliwa kaskazini-magharibi, katika jengo lililokuwa la mojawapo ya zile shule za kati zilizofutwa. Herzl kikafunguliwa Lawndale, mtaa wa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya ya mashariki, nacho kikabeba jina la Theodor Herzl. Na Wilson kikafunguliwa Englewood, upande wa kusini. Lau wenye mamlaka wangalifuata hesabu ya fedha peke yake, njia iliyo nyepesi ilikuwa kuufungua tena mlango mmoja wa Crane, au kuuacha umefungwa, kama walivyokusudia mwaka mmoja nyuma. Huenda nikajibiwa kwamba majengo matupu yalikuwapo na kuyatumia ni busara ya kawaida ya karani yeyote. Ni kweli, lakini jengo tupu hutueleza tu kwa nini chuo kilipata paa lile na si jingine; halituelezi ni nini kilichoilazimisha Halmashauri, ilhali hazina bado ilikuwa taabani, kuwapa wakazi vyuo vitatu badala ya kile kimoja ilichowanyang'anya. Kwa maoni yangu, muundo wa matawi mengi ulizaliwa katika ugomvi ule, nao ni haki iliyodaiwa na mitaa kabla haujawa mpango wa mtu yeyote.

Tangu hapo mitaa haikuacha kuvishika vyuo vyake. Herzl kilihamishwa mwaka 1954 kurudi katika jengo la Crane na kulichukua jina lake. Vyuo vyote vikatengwa na Halmashauri ya Elimu mwaka 1966, kufuatia sheria ya jimbo ya mwaka 1965. Na mwaka 1969, kwa shinikizo la wanafunzi na wakazi weusi wa upande wa magharibi, Crane kikawa Malcolm X College. Mwaka huo huo Wilson kikapewa majina ya Robert Kennedy na Martin Luther King. Majina haya hayakutoka katika kitabu cha mpango wowote.

Yako mambo mawili yanayoweza kunipinga kwa haki. La kwanza ni kwamba chuo cha mtaa, katika jiji lililotengwa kwa rangi mtaa kwa mtaa, hurithi utengano huo. Silikani, ila nasema kwamba mipaka ya chuo haikuwa migumu kama mipaka ya nyumba. Gwendolyn Brooks, binti mweusi wa upande wa kusini, alihitimu Wilson mwaka 1936, wakati Englewood ulikuwa mtaa wa wazungu. Mwaka 1950 akapata tuzo ya Pulitzer kwa ushairi wake. Wala hakuendelea kusomea shahada ya miaka minne, na hapo ndipo kipimo cha Clark kinaponitia shaka kubwa, kwani kwa kipimo hicho Brooks angeandikwa miongoni mwa waliopozwa.

La pili ni gharama, na hili ndilo lililotumika kuitetea sera ya mwaka 2011, wakati Meya Rahm Emanuel na mkuu wa vyuo vyote, Cheryl Hyman, walipoamua kila chuo kipewe fani yake: afya Malcolm X, uchukuzi Olive-Harvey, viwanda Daley, biashara Harold Washington, na kadhalika. Vifaa vya kufundishia uuguzi ni ghali, na sioni kosa kuvikusanya pahala pamoja. Lakini mafunzo ya malezi ya watoto wadogo hayahitaji mitambo. Nayo, yaliyokuwa yakitolewa katika vyuo kadhaa, yaliamriwa kuhamia chuo cha Truman, kaskazini ya jiji. Mwanamke aliyekaa jirani na Olive-Harvey, katika barabara ya 103, alilazimika kupanda basi mpaka kituo cha 95, kisha garimoshi la Red Line kutoka ncha yake ya kusini, apite katikati ya jiji zima, mpaka kituo cha Wilson kilicho jirani na Truman: takriban kilomita 30, zaidi ya saa nzima kwenda tu. Na aghalabu wanafunzi wa fani hii ni akina mama wafanyao kazi, wenye watoto wao wenyewe wa kuwachukua jioni. Sera iliyomsahau mwanafunzi huyo iliyahesabu matawi kuwa idara za jengo moja, jambo ambalo hayakupata kuwa hata siku moja tangu mwaka 1934. Walimu waliupinga uhamisho huo hadharani, na Februari 2016 wakapiga kura ya kutokuwa na imani na Hyman.

Sisemi kwamba kanuni ya Chicago inafaa kila mahali. Huko Miami, chuo cha Dade kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1960 kilipata tawi lake la kaskazini juu ya ardhi ya uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi, na huo ni mkono wa serikali bila shaka. Hata hivyo Chicago ni jiji ambalo vyuo vyake vimetangulia vile vya Massachusetts kwa karibu nusu karne, na nadharia inayoshindwa kuueleza mwaka wa 1934 haina haki ya kuitwa nadharia ya vyuo vya jamii vya Marekani. Mpaka hapo maombi ya wakazi na maamuzi ya mikutano yao yatakaposomwa kwa uzito ule ule wanaopewa wakuu wa vyuo na ripoti zao, kazi ya Brint na Karabel itabaki kuwa taarikhi nzuri ya Massachusetts.